Mgeni Wetu Bado Hajapewa Jembe

Baba yangu mdogo ana shamba la maharage na migomba wilayani Kasulu, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mwezi wa pili mmoja nilikuwa kwake likizo, nikamkuta kijana wa Kirundi akilima. Alikuwa ametoka kambini kabla ya alfajiri. Alishapimiwa ngwe yake, na ujira ulikuwa sado mbili za mahindi, zitolewe jioni kazi ikiisha. Alilima vizuri kuliko mimi niliyezaliwa kwenye udongo ule. Jembe lilipanda na kushuka kwa mwendo mmoja, magugu yakigeuzwa mizizi juu, bila kuacha kipande hata kimoja kisicholimwa nyuma yake.

Ikasikika pikipiki barabarani. Kijana akaliacha jembe pale pale, akaingia migombani, akachutama. Tukasubiri. Kumbe ilikuwa bodaboda tu, imebeba gunia la mkaa. Ilipopita akarudi, akajipangusa magoti, akaniangalia kwa haya kana kwamba mimi ndiye niliyemkamata. "Samahani, kaka," akasema, akainama tena.

Tukio lile halijanitoka, na ndilo lililonikalisha niwaandikie.

Sote tumelelewa na methali ile: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitamka kwa kicheko, tukimdokezea mgeni kwamba amekaa kupita kiasi. Mimi naisikia vingine. Mtu akipewa jembe ameshatoka sebuleni, ameingia ndani. Anaonyeshwa mpaka wa shamba, anaambiwa hapa pana mawe, pale maji hutuama. Chakula chake sasa kinatoka mikononi mwake, hana tena haja ya kusoma uso wa mwenyeji kila sufuria inapoepuliwa. Sisi wa ukanda huu, watu wanapotukimbilia kutoka vita vya wenyewe kwa wenyewe, siku mbili za mwanzo tumezitimiza kwa namna ambayo mataifa mengi hayajaikaribia. Ya tatu ndiyo tumeiahirisha mwaka baada ya mwaka, na naamini kabisa kwamba tunaiweza.

Wanaokumbuka Kagunga, Mei 2015, watanielewa. Mwezi mmoja kabla, Burundi ilikuwa imewaka baada ya Rais Pierre Nkurunziza kuteuliwa kugombea muhula wa tatu. Watu wakashuka milimani, wengine wakapanda mitumbwi, hadi kwenye kijiji kile cha wavuvi: ufukwe mwembamba uliobanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima, pasipo barabara ya gari. Makumi ya maelfu wakalala juu ya mchanga na kokoto. Kipindupindu kikaingia, na zaidi ya watu 30 wakafa kabla hakijadhibitiwa. MV Liemba, meli kongwe iliyoundwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, haikuweza kusogea ufukweni kwa kukosa gati, basi mitumbwi ya wavuvi ndiyo iliyowavusha watu hadi ubavuni mwake. Fikiria mama mwenye mtoto mgongoni na furushi la nguo kichwani, amesimama ndani ya mtumbwi unaoyumba, mikono ya watu asiowajua ikimvuta juu. Walishushwa Kigoma mjini, wakapumzishwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu. Serikali ikawatambua kwa pamoja kuwa wakimbizi, bila kumweka kila mmoja kwenye mizani ya mahojiano.

Utaratibu huo wa kuwatambua watu kwa pamoja una mizizi kwetu. Mkataba wa dunia wa wakimbizi wa mwaka 1951 uliandikwa kwa ajili ya mtu anayeogopa kuteswa kwa sababu ya dini yake, asili yake au siasa zake. Afrika ikaona hautoshi. Mwaka 1969, mjini Addis Ababa, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zikaandika mkataba wao, zikamwongeza na yule anayekimbia vita, uvamizi au machafuko yaliyovuruga nchi, hata kama hakuna aliyemtafuta yeye kwa jina. Zikasema pia kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na utu, na nchi aliyotoka isilichukulie kuwa ni uadui. Mwanakijiji wa Kasulu pengine hajausoma mkataba huo, lakini anaweza kumwelewa Mrundi kwa lugha yake mwenyewe, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Huku jioni wanasalimiana mwidiwe, kule mwiriwe.

Na jembe tumewahi kulitoa. Hili nataka tulikumbuke vizuri, kwa sababu vijana wengi hawajalisikia. Mwaka 1972, mauaji yalipoikumba Burundi, watu waliokimbilia kwetu walipelekwa kwenye misitu ya miombo ya Tabora na ya Mpanda, mahali penye mbung'o na wanyama wakali. Yakazaliwa makazi ya Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Kila familia ikapimiwa shamba, ikapewa mbegu na zana, ikaambiwa ijenge. Walifyeka, wakapanda mahindi, maharage na tumbaku, wakajenga makanisa na shule. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe na kuwauzia wengine, na msaada wa mashirika ulikuwa umeshaondoka. Mwaka 1980 Tanzania ilishawapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000 waliokimbia nchi yao zamani zaidi. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa, ile inayotolewa kwa waliowahudumia wakimbizi kuliko wengine.

Kisha mwaka 2007 serikali ikawaambia wale wa 1972: anayetaka kurudi Burundi arudi, anayetaka kubaki aombe uraia. Wengi wakachagua kubaki. Walisubiri vyeti kwa miaka, na mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wakapokea uraia wa Tanzania. Sijui taifa lingine la Afrika lililofanya jambo kubwa hivyo kwa mkupuo mmoja. Tulipaswa kulisherehekea kwa ngoma. Badala yake tukawaita "raia wapya", na hadi leo wapo wanaowaita hivyo watoto waliozaliwa Katumba kwa wazazi waliozaliwa Katumba. Upya huo unaisha lini? Ombi langu la kwanza ni hili dogo, halina bajeti wala halihitaji kikao: tuache kuwaita hivyo. Mwalimu asimwite mwanafunzi hivyo darasani. Mtendaji asimwambie mwenye kitambulisho halali arudi kesho na baba yake. Mtu ameapa, amepewa cheti, amelipa kodi, ni Mtanzania.

Tulibadilika wapi basi? Lazima tulitazame jambo hili kwa haki, kwa sababu wito unaoficha uzito wa mambo haumsaidii mtu. Mwishoni mwa Aprili 1994 daraja la Rusumo lilipitisha Wanyarwanda karibu robo milioni kwa muda wa takriban siku moja. Ngara, wilaya ya wakulima wa migomba, iliamka ikiwa na jiji lisilo na choo. Mwaka uliotangulia Burundi ilikuwa imeshatumbukia kwenye vita baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye, na mwaka 1996 Wakongo wa Kivu Kusini wakaanza kumiminika. Ilipofika mwaka 2000 tulikuwa na wakimbizi zaidi ya nusu milioni. Milima ikabaki uchi kwa kukatwa kuni. Silaha zikavuka mpaka pamoja na watu, ujambazi ukazuka kwenye barabara za Kigoma na Kagera, na wanasiasa wenye bunduki wakajificha nyuma ya akina mama waliopanga foleni za unga. Kuna watu wa kwetu walioporwa na kuuawa miaka ile. Machungu yao ni ya kweli, na mtu wa mjini asiwahubirie ukarimu bila kuwasikiliza kwanza.

Serikali ikajibu kwa kufunga. Mpaka na Burundi ulifungwa mwaka 1995. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, askari wakiwa nyuma yao. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 ikaamuru wakae kambini, na anayetaka kutoka awe na kibali. Naelewa woga uliozaa sheria ile. Lakini woga wa miaka ya 1990 umekuwa kanuni ya kudumu, na watoto waliozaliwa Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 sasa ni wazazi, nao wanalelea ndani ya mipaka ile ile. Wengine hawajawahi kuona nyumba ya ghorofa. Mwishoni mwa miaka ya 2010 masoko ya pamoja nayo yakafungwa, yale ambako Mha alileta ndizi na mawese, Mkongo akauza vitenge, Mrundi akashona nguo na kutengeneza baiskeli. Waulize wafanyabiashara wadogo wa Kasulu na Kibondo. Waliokosa wateja siku ile walikuwa Watanzania.

Kambini mtu huishi kwa mgao: unga wa mahindi, kunde au mbaazi, mafuta kidogo, chumvi. Mwaka 2023 mgao wa kambi zetu ulishushwa hadi nusu, kwa kuwa fedha za wahisani zilikuwa zimepungua, na mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mambo yakawa magumu zaidi kote ulimwenguni. Nusu mgao maana yake ni kwamba mama anapima unga kwa kikombe cha chai, anafikiria nani aruke mlo leo. Ndipo kijana anapoamka usiku, anapita porini, anakuja kulima maharage ya baba yangu mdogo. Jembe tumempa, jamani. Ila tumempa la kuazima, kwa mlango wa nyuma, kwa bei ambayo hawezi kubishana nayo kwa sababu hana mahali pa kushtaki. Na wenye mashamba tunajua hivyo, na tunanufaika. Naandika haya nikijua kwamba maharage yale niliyala.

Inawezekana kufanya vingine, na mifano haiko mbali. Uganda leo inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi wao kutoka Sudan Kusini na Kongo. Sheria yake ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kusafiri ndani ya nchi, na katika makazi kama Bidibidi kila familia ilipimiwa kipande cha ardhi. Kipande kile ni kidogo, meta 30 kwa 30, na sehemu nyingine kina mawe kuliko udongo. Hakikidhi mahitaji yote, na Uganda nayo imechoka kuubeba mzigo huku wenye fedha wakiangalia pembeni. Hata hivyo mama anayelima mchicha mbele ya kibanda chake na kuuza mafungu matatu sokoni ni mtu tofauti na yule anayesubiri lori. Wenyeji wa West Nile, waliowapokea watu wa Sudan Kusini, wao wenyewe walikimbilia Sudan na Zaire baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979. Wanakumbuka.

Nasi tuna cha kukumbuka. Mwaka 2001, baada ya umwagaji damu wa Januari kule Pemba, Wazanzibari zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwa majahazi na ngalawa hadi Shimoni, pwani ya Kenya, wakawa wakimbizi. Watanzania hao. Watu wa Shimoni, wavuvi wenye nyumba ndogo, waliwafungulia milango. Mwaka 2008 zamu ikawa ya Wakenya, maelfu wakivuka Malaba kuingia Uganda baada ya uchaguzi. Na mwanzoni mwa mwaka 2025, mapigano ya Kongo yalipoingia Goma na Bukavu, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka mto Rusizi na kuingia Burundi, wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Burundi, ambayo kwa zaidi ya miaka hamsini tumezoea kuiona kama nchi ya watu wanaokimbia, ikawa mwenyeji, na wengi waliopokea walikuwa wao wenyewe wamewahi kupokewa.

Tena nendeni Tengeru, karibu na Arusha. Kuna makaburi ya Wapolandi pale. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walifika wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamefukuzwa makwao na kupelekwa Siberia, wakapitia Uajemi hadi huku kwetu. Walijengewa nyumba, wakawa na shule, kanisa, karakana na mashamba. Ulaya iliwahi kulala kwenye udongo wetu. Na Ulaya hiyo hiyo, Machi 2022, siku chache tu baada ya vita kamili vya Ukraine kuanza, iliwapa Waukraine haki ya kukaa, kusomesha watoto na kufanya kazi. Mamilioni ya watu walipewa jembe siku ya kwanza. Siwaonei kijicho hata kidogo. Nafurahi kwa kila mtoto aliyelala salama. Ninachosema ni kwamba ubishi wa kwamba haiwezekani ulikufa mwezi ule. Mtu wa Darfur na wa Kivu anastahili kipimo hicho hicho, na wasomaji mnaoishi Ulaya na Marekani mna kura na sauti ya kuwaambia hivyo wabunge wenu, hasa sasa wanapokata bajeti ya unga wa mtoto aliye Nyarugusu.

Kurudi nyumbani ni haki pia, na wapo wanaoitamani. Tangu mwaka 2017 Warundi zaidi ya 150,000 wamerudishwa kutoka Tanzania. Anayerudi kwa hiari yake tumsindikize vizuri, tumpe na mbegu ya kuanzia. Lakini mkataba wetu wa mwaka 1969 unataka kurudi kuwe kwa hiari, na hiari haipo pale mtu anaposukumwa na njaa na sokoni kumefungwa. Mwenye jembe lake atarudi akiwa na akiba na ujuzi. Aliyekaa miaka kumi akisubiri mgao atarudi mikono mitupu, na huenda akatukimbilia tena.

Kwa hiyo nawaomba. Wewe diwani wa Kasulu, Kibondo au Kakonko, lilete suala la masoko ya pamoja kwenye baraza la halmashauri. Waite wauza mawese na mafundi cherehani watoe ushahidi wao, wanaujua kuliko mtaalamu yeyote. Wewe mbunge, hata kama jimbo lako liko mbali na mpaka, isome upya sheria ya mwaka 1998 na uulize kama haiwezekani kibali cha kazi cha msimu, chenye jina na picha, kwa mkulima anayemhitaji kibarua na kibarua anayehitaji kazi. Polisi watajua nani yuko wapi kuliko wanavyojua sasa, watu wanapopita vichakani usiku. Wakenya wenzetu mmeanza: sheria yenu ya mwaka 2021 na mpango wa Shirika uliozinduliwa mwaka 2025 vinataka Dadaab na Kakuma ziwe miji badala ya kambi. Msikubali vibaki kwenye makabrasha. Viongozi wa dini, mnaokusanya sadaka, safari hii kusanyeni na majembe. Waandishi wenzangu, kila mnapoandika neno "mzigo", andikeni pia waliopanda tumbaku na mahindi ya Mishamo.

Na wewe mwenye shamba, kama baba yangu mdogo, mlipe kibarua wa kambini sawa na kibarua wa kijijini. Hilo halisubiri bunge. Nilimwambia hivyo jioni ile, kwa heshima, maana ni baba yangu. Alinyamaza muda mrefu akichambua maharage kwenye ungo. Kisha akaingia ghalani, akatoka na sado ya tatu, akaimimina kwenye mfuko wa kijana bila kusema neno.

Kijana alikuwa ameshaliosha jembe na kulisimamisha ukutani, makali chini. Akashukuru kwa mikono miwili. "Baba, Alhamisi nije tena?"

"Njoo," akajibu mzee. "Ila pita huku migombani, usipite barabarani."

Msimu ujao wa maharage nataka apite barabarani.